Rosa Mistika Mbele ya Makungwi

Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku mashuleni, kisha ikarejeshwa. Marufuku yalikwisha, lakini hasira juu ya Rosa haijesha. Msomaji humwonya ukurasa baada ya ukurasa, naye hasikii. Binti huyu mwerevu wa Ukerewe, aliyelelewa kwa fimbo, anafika shule ya bweni Mwanza, kisha chuo cha ualimu Morogoro, na kila uhuru anaoupata anaugeuza kuwa kitanzi.

Hukumu nyepesi ni kwamba amejitakia. Lakini kesi hii yafaa isikilizwe pia kusini, Masasi na Newala, ambako kuna swali jingine. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao wa huko, nasaba imefuata upande wa mama, mjomba ana neno lake, na msichana aliyevunja ungo hukabidhiwa makungwi wamfunde. Mtafiti wa Kijerumani, Karl Weule, aliushuhudia unyago katika sehemu hizo mwaka 1906. Naye William Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926, hakulifuta jando la wavulana. Alilivika vazi la Kikristo, maana aliona kuwa mafunzo hayo ndiyo yaliyoishikilia jamii.

Palipo na unyago, binti akipotoka huulizwa kwanza: nani alimfunda? Swali hilo likiingia nyumbani kwa Rosa, halipati wa kulijibu. Zakaria, babaye mlevi, akikuta barua ya Charles humpiga bintiye, wala hamwelezi kitu. Regina, mamaye, ana huruma lakini hana sauti. Mjomba hasikiki, kungwi hayuko. Rosa amefunzwa kuwaogopa wanaume, hakufunzwa kuwajua.

Unyago nao si dawa ya kila kitu. Umemwandaa binti kuwa mke kuliko kuwa mwanafunzi, na ndoa za mapema zimewahi kufuata ngoma zake. Wala Rosa hatoki bila hatia: alikuwa na akili ya kuona anakokwenda. Lakini Charles anapomkataa kwa kuwa si bikira, naye Rosa akajiua, Charles ametazama kosa tu, kama Zakaria alivyolitazama. Msomaji anayemlaani Rosa bila kuuliza nani alimfunda ameingia katika safu yao.