Makinon Haikuzaliwa Taratibu

Nairobi wimbo ni uleule: ushago hakuna haraka, jijini ndiko mambo yanakimbia. Watu husema hivyo kana kwamba mwendo wa mji ni kama hali ya hewa, kila mahali pana yake. Mimi nimekulia Voi, na historia ya majirani zetu wa Mackinnon Road, ambako sisi huita Makinon tu, hainiruhusu kukubali.

Jina lenyewe ni la mtu mwenye haraka. William Mackinnon, tajiri wa meli kutoka Uskoti, aliongoza Imperial British East Africa Company, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. Barabara yake ilikata nyika kuelekea Kibwezi ili mizigo ifike bara upesi. Kisha reli ikaanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899. Hiyo Nairobi haikuwa jiji, ilikuwa kambi ya reli kando ya kinamasi. Kwa hivyo miji hii miwili imelelewa na reli moja. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 walifia kazini. Mmoja wa waliofia njiani, Sayyid Baghali, amezikwa Makinon, na inasimuliwa kwamba karai lake lilikuwa likielea juu ya kichwa chake. Hadi leo wasafiri husimama kwenye msikiti wenye kaburi lake kuomba dua.

Makinon nayo iliwahi kukimbia. Mwaka 1947, Waingereza wakiondoka India, walitaka mahali pengine pa kuweka vifaa vya jeshi, wakachagua nyika hii. Ujenzi ukaanza, ghala kubwa ajabu. Miaka michache baadaye, wakubwa wa London wakabadilisha nia. Kazi ikaachwa, mji ukanyamaza.

Halafu Aprili 24, 1954, jeshi likaizingira Nairobi katika Operation Anvil, likiwasaka Wakikuyu, Waembu na Wameru. Zaidi ya watu 20,000 walitiwa kizuizini, wengi wakapelekwa Manyani na Mackinnon Road. Hebu fikiria: wiki hii unakimbilia kazi jijini, wiki ijayo umekaa nyuma ya seng'enge, huna pa kukimbilia. Huo nao ulikuwa utulivu wa Makinon. Hakuna aliyeuomba.

Reli mpya ya SGR ilizinduliwa Mei 31, 2017. Safari ya Mombasa hadi Nairobi, iliyokuwa ikila usiku mzima, sasa ni saa tano hivi. Lakini kati ya Mariakani na Miasenyi treni ya abiria haisimami. Anayesafiri ameokoa muda, sikatai. Ila muda huo ulikuwa na wenyewe: ndio uliouza chai, mayai na maembe.

Shangazi yangu ni mmoja wa wanaouza hapo barabarani. Mpita njia akimwona chini ya mti atasema huyu mama anakaa tu. Kumbe anajua basi gani hupita saa ngapi, lori gani limechelewa, na siku ya mfungo wateja watashuka jioni. Kungoja ndiyo kazi yake, na ina hesabu kali kuliko ya ofisini.

Nami Nairobi naandika kwa vibarua, makala moja baada ya nyingine. Nikitembea mbio si kwamba damu yangu imebadilika nilipovuka Athi River. Kodi ya nyumba ni tarehe 5, basi. Haraka yangu ina mwenyewe, kama utulivu wa shangazi ulivyo na wenyewe: aliyechora njia, aliyefuta kituo, aliyeacha ghala.

Kwa hivyo mtu akiniambia mji fulani umelala, mimi humwuliza: nani aliuzimia taa?