Mallacht: Laana Inayomkalia Mtu

Nilipoanza kujisomea Kiayalandi, zaidi kwa udadisi kuliko kwa haja, neno lililonishika halikuwa salamu bali laana: mallacht.

Kwa asili si la Ayalandi. Ni neno la Kilatini, maledictio, yaani "kusema vibaya", lililoingia kisiwani pamoja na Ukristo katika karne ya tano. Askofu Palladius alitumwa huko mwaka 431. Waayalandi wa kale waliliita maldacht, kisha ile d ikamezwa na l. Lilisafiri na pacha wake benedictio, "kusema vema", ambalo leo ni beannacht, baraka. Nasi je? Baraka na laana zote mbili tumezipata katika Kiarabu. Kuapiza tulikuwa nako katika Kibantu chetu, kama Waayalandi walivyokuwa na aoir, mashairi ya kashfa ambayo, katika masimulizi yao ya kale, yaliweza kumtoa mtu malengelenge usoni. Dini haikuwafundisha watu kuapizana; iliwapa jina jipya tu.

Lakini utamu umo katika sarufi. Mallacht ni nomino ya jinsia ya kike. Ukitanguliza mo, yaani "-angu", herufi ya kwanza hulainika: mo mhallacht, na hiyo mh hutamkwa kama v au w. Kisha huongezwa ort, "juu yako". Basi, laana imekamilika: mo mhallacht ort. Hakuna kitenzi wala wakati. Msemaji hasemi "ninakulaani" wala "ulaaniwe". Anamtwika mwenzake mzigo, kwisha. Ort yenyewe ni kihusishi ar kilichoshikana na kiwakilishi: orm juu yangu, uirthi juu yake mwanamke, orthu juu yao. Na ar hiyo hiyo ndiyo hubeba njaa, huzuni na hofu. Mwenye njaa husema tá ocras orm, "njaa iko juu yangu". Kwa hiyo laana humkalia mtu palepale njaa inapomkalia.

Iko laana moja mashuhuri, Mallacht Chromail ort, "laana ya Cromwell juu yako". Oliver Cromwell alifika Ayalandi mwaka 1649, na mwaka huo huo majeshi yake yakaua watu wengi mjini Drogheda. Hakuna aliyehitaji kuelezwa laana hiyo ni ipi.

Iliyoogopwa kupita nyingi, hata hivyo, ilikuwa laana ya mjane, na hilo nimelielewa bila mwalimu. Shangazi yangu alipofiwa na mumewe, mashemeji walimnyang'anya shamba. Wazee wakamsihi asiwalaani. Akajibu kwamba kulaani hatalaani, ila radhi yake hawana. Hilo nalo halina kitenzi cha kulaani ndani yake. Siku ya tatu mashemeji walikuja usiku kuiomba radhi ile, na kitoweo mkononi. Shamba hawakulirudisha.