MSM, Glukosamini na Kondroitini: Hizi Saplimenti za Salfa Zinasaidia Magoti ama Zinakula Tu Doo Yako?

Ingia kemisti yoyote kubwa pale tao utapata shelfu nzima ya mikebe imechorwa goti linawaka nyekundu. Wasee wa futa wananunua, wasee wa kupiga chuma wananunua, na wengi wenu mnanunulia mathe ama shosho. Na si bei ya mandazi. Kwa hivyo kabla utoe ganji, jua ni nini hiyo unameza.

Tuanze na MSM, kwa kirefu methylsulfonylmethane. Ni poda nyeupe, chungu, haina harufu, na kama thuluthi moja ya uzito wake ni salfa. Hadithi yake ilianza na dawa nyingine, DMSO, maji fulani yanayotoka kwa viwanda vya kutengeneza karatasi kutoka kwa miti. Miaka ya 1960 huko Oregon, Marekani, daktari wa upasuaji Stanley Jacob na mkemia Robert Herschler walianza kuicheki kama dawa ya maumivu. Shida moja: ukijipaka DMSO, mdomo unanuka kama umekula kitunguu saumu nzima. MSM ndiyo kitu mwili unatengeneza ukiivunja DMSO, na haileti hiyo noma. Jacob akaandika kitabu kuihusu, kikatoka 1999. Mwaka huo huo mwigizaji James Coburn, aliyekuwa na baridi yabisi kali, alishinda Oscar, na alikuwa anaisifu MSM wazi wazi. Biashara ikaomoka hapo.

Sasa kwa nini salfa? Kule mwisho wa mifupa yako kuna gegedu, ile kitu laini nyeupe unatafunanga kwa mfupa wa kuku. Gegedu haina mishipa ya damu, ndio maana ikiumia inapona polepole sana. Ndani yake kuna minyororo ya kondroitini salfeti, na hiyo salfeti ina chaji hasi inayovuta maji. Hayo maji ndiyo yanafanya goti lako libounce ukishuka kwa mathree ikitembea. Mtu wa mauzo anachukua hiyo point na kuruka moja kwa moja hadi "kula salfa, jenga gegedu." Pole pole, buda. Kumeza matofali si kujenga nyumba.

Wacha tuangalie walichopata waliopima. Utafiti mmoja wa MSM wa 2006 ulichukua watu 50 wenye magoti yamelika, nusu wakapewa gramu 3 mara mbili kwa siku, nusu tembe bure isiyo na dawa. Baada ya wiki 12 maumivu yalipungua kiasi kwa wale wa MSM. Mwingine wa Israel, 2011, watu 49, ukapata kitu inafanana, lakini tofauti ilikuwa ndogo. Ni watu wachache, kwa muda mfupi, na haikuonyesha gegedu imemea tena. Hiyo usisahau: kupunguza maumivu na kurudisha gegedu ni vitu viwili.

Glukosamini na kondroitini zilipewa mtihani mkubwa zaidi. Utafiti wa GAIT huko Marekani, 2006, watu 1,583. Kwa ujumla hazikushinda tembe bure. Na hapa ndio utashangaa: kati ya wale waliokula hiyo tembe bure, kama asilimia 60 walisema goti limepata nafuu. So yule beshte yako anaapa imemsaidia hadanganyi, ni vile goti pia hupoa lenyewe na akili husaidia. Kuna tafiti za Ulaya za glukosamini salfeti zilizopata matokeo poa zaidi, lakini kadhaa zililipiwa na kampuni inayoiuza. Mwongozo wa madaktari wa viungo wa Marekani wa 2019 unasema zote mbili zisitumike kwa goti lililolika.

Salfa yenyewe hauikosi. Mayai, nyama, omena, sukuma, kabichi, vitunguu, zote ziko nayo. Hata ugali kwa maharagwe: maharagwe yana upungufu wa asidi amino zenye salfa, mahindi yanajazia. Shosho alijua.

Mkebe ukiandikwa "salfa ya oganiki", usidhani imetoka shamba safi. Hapo oganiki inamaanisha tu ina kaboni ndani. Na tafadhali, salfa ya agrovet ya kupuliza mimea si ya kumeza.

Kama bado unataka kujaribu MSM, iko salama kiasi kwa watu wengi, ingawa tumbo linaweza kujaa ama kichwa kiume. Jipe miezi tatu, usipoona tofauti wacha. Ukiwa na mzio wa Septrin, hiyo ni mzio wa dawa za sulfa, si salfa ya MSM. Lakini glukosamini nyingi hutengenezwa na maganda ya kamba na kaa, kwa hivyo kama hizo zinakufurisha uso, soma lebo. Na mathe akiwa anameza warfarin ya damu, asiguse glukosamini wala kondroitini kabla ya kuongea na daktari wake, anaweza kutoka damu vibaya. Asiache pia dawa zake za baridi yabisi juu ya poda.

Kitu kimoja kinafanya kazi na hakiuzwi kwa mkebe: ukipunguza kilo moja ya mwili, goti linabebeshwa karibu kilo nne chini kwa kila hatua. Mazoezi ya misuli ya mapaja pia. Lakini goti likifura baada ya mechi, likijifunga lisinyooke, ama likiteleza ukigeuka, hapo kuna kitu kimeraruka. Enda hosi likaangaliwe.