Ukimbiaji wa besi katika besiboli ya watoto

Ukimbiaji wa besi ni stadi ya mchezo wa besiboli inayohusu jinsi mchezaji wa timu inayopiga anavyosogea kutoka besi moja hadi nyingine. Timu hupata pointi pale mkimbiaji anapogusa besi zote tatu kwa mpangilio na kufika besi ya nyumbani kabla timu yake haijatolewa wachezaji watatu. Kwa watoto stadi hii hutegemea mbinu na uamuzi sawa na kasi: mtoto mwenye mbio nyingi hutolewa kirahisi asipojua wakati wa kuondoka.

Umbali na kanuni

Katika besiboli ya watu wazima umbali kati ya besi ni futi 90 (mita 27.4). Little League, iliyoanzishwa mwaka 1939 mjini Williamsport, Pennsylvania, Marekani, hutumia futi 60 (mita 18.3) kwa watoto wa hadi miaka 12. Mashindano yake ya dunia hufuata kipimo hicho. Timu ya Lugazi, Uganda, ilishiriki mwaka 2012 ikiwa ya kwanza kutoka Afrika. Katika ngazi hiyo mkimbiaji haruhusiwi kuacha besi mpaka mpira uliorushwa umfikie mpigaji.

Kukimbilia besi ya kwanza

Baada ya kupiga mpira wa chini, mpigaji hukimbia moja kwa moja na kuipita besi ya kwanza bila kupunguza mwendo. Anaweza kurudi bila kutolewa, mradi asijaribu kwenda besi ya pili. Makosa ya kawaida ni kusimama kuutazama mpira na kuruka katika hatua ya mwisho.

Mpira ukiwapita walinzi wa ndani, mkimbiaji hutoka kidogo nje ya mstari kabla ya besi, huinamisha mwili kuelekea ndani ya uwanja na kukanyaga kona ya ndani. Kwa njia hiyo mbio zake huelekea besi ya pili.

Kusoma mpira

* Mpira wa chini: aliye besi ya kwanza lazima aondoke, kwa kuwa mpigaji anakuja kuichukua.
* Mpira wa juu, kabla wachezaji wawili hawajatolewa: ukidakwa, mkimbiaji lazima awe amegusa tena besi yake ndipo aendelee. Aliyekimbia bila kutazama huweza kutolewa.
* Wawili wakishatolewa: wakimbiaji huondoka mara mpira unapopigwa, kwani ukidakwa zamu imekwisha.

Mkimbiaji anayeelekea besi ya tatu humtazama kocha aliye karibu na besi hiyo, kwa sababu mpira mara nyingi uko nyuma yake.

Usalama

Wakimbiaji huvaa helmeti. Kuteleza hufundishwa kwa kutanguliza miguu, mguu mmoja ukiwa umekunjwa. Katika Little League ya hadi miaka 12, anayeteleza kwa kutanguliza kichwa kuelekea besi inayofuata hutolewa. Viwanja vingine huweka besi ya kwanza yenye sehemu mbili, nyeupe ya mlinzi na ya rangi ya machungwa ya mkimbiaji, ili wasigongane.

Mazoezi

Kuteleza huanza kufundishwa kwenye nyasi zilizolowa, bila viatu vya njumu. Kwa upande wa uamuzi, kocha huweka wakimbiaji kwenye besi na kupiga mipira ya aina mbalimbali. Kabla ya kila mpira mtoto husema wangapi wametolewa, besi zipi zina watu, na atafanya nini mpira ukienda chini au juu.