Jumba la Karen Blixen na Msomali aliyeliendesha

Garissa na kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizoanzishwa mwaka 1991, hazina jumba la kifahari la kale wala bustani ya kutembelewa kwa kiingilio. Kwa msafiri atokaye huko kwa basi kupitia Mwingi na Thika, jumba la aina hiyo linalotajwa zaidi liko Nairobi, katika mtaa wa Karen, likitazamana na Milima ya Ngong. Ni Makumbusho ya Karen Blixen. Wageni wengi huvutwa na filamu ya "Out of Africa" ya mwaka 1985, iliyonyakua tuzo saba za Oscar. Mgeni wa kutoka kaskazini mashariki ana sababu nyingine ya kufika, nayo ni Farah Aden.

Jumba hilo lilijengwa mwaka 1912 na mhandisi wa Kiswidi, Åke Sjögren. Mwaka 1917 lilinunuliwa na Bror Blixen na mkewe Karen, mzaliwa wa Denmark. Si kubwa kama watu wanavyolidhania: ni nyumba ya mawe ya kijivu isiyo na ghorofa, yenye paa la vigae, baraza pana na vyumba vilivyopambwa kwa mbao. Baadhi ya samani zilizomo ndizo zile alizoziuza Karen kwa Lady McMillan alipoondoka nchini, zikarejeshwa miaka mingi baadaye.

Farah, Msomali wa ukoo wa Habr Yunis, alimpokea Karen katika bandari ya Aden mwaka 1913, hata kabla bibi huyo hajakanyaga Mombasa. Hakuwa mtu wa Garissa. Kwao kulikuwa Somalia ya Waingereza. Kwa karibu miaka 18 alikuwa msimamizi wa nyumba, mtunza fedha na mkalimani. Alipooa, mkewe aliletwa kutoka Somalia pamoja na mama yake na mdogo wake, wakakaa papo hapo shambani. Wakati huohuo serikali ya kikoloni iliwabana Wasomali wa kaskazini, ambako mwaka 1926 wilaya ya mpakani ilitangazwa kuwa eneo lililofungwa.

Karen alimwandikia Farah sura nzima katika kitabu chake cha mwaka 1960, "Shadows on the Grass". Ni heshima kubwa, lakini ni heshima ya mwajiri. Simulizi ya Farah mwenyewe haikuandikwa. Hata katika filamu hakuigizwa na Msomali, bali na Malick Bowens, mzaliwa wa Mali.

Bustani ndiyo sehemu inayostahili kupewa muda zaidi. Kutoka kwenye nyasi zilizo nyuma ya nyumba milima huonekana wazi, na huko Ngong ndiko alikozikwa Denys Finch Hatton, rafiki wa Karen, aliyekufa katika ajali ya ndege Voi mwezi Mei 1931. Pembezoni ipo mitambo ya zamani ya kahawa. Mibuni ilichukua ekari 600, lakini mahali hapo palikuwa juu mno na penye baridi, na mvua haikutosha. Mwaka 1923 kiwanda kiliteketea; baada ya mwaka 1929 bei ya kahawa ikaporomoka.

Mwaka 1931 shamba liliuzwa kwa kampuni iliyolikata viwanja, na hivyo ndivyo ulivyozaliwa mtaa wa Karen. Familia za Wakikuyu zilizoishi humo kama maskwota zilitakiwa kuhama. Ziliomba jambo moja tu, zisitawanywe. Karen alizungukia ofisi za serikali hadi zikapewa mahali pamoja Dagoretti. Inafaa mgeni akumbuke kwamba waliohamishwa walikuwa wakipewa kama fadhila sehemu ya nchi iliyokuwa yao kabla ya hati za Wazungu.

Denmark ililinunua jumba mwaka 1964 na kuikabidhi Kenya kama zawadi ya uhuru. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1986, na leo yako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kiingilio hutofautiana baina ya raia, wakazi na wageni kutoka nje. Mkimbizi wa Dadaab, kabla ya kuulizia kiingilio, huhitaji kwanza kibali cha kutoka kambini.