Mwezi na Utoto: Fikra za Kale juu ya Makuzi ya Binadamu

Katika historia ya fikra juu ya makuzi ya binadamu, ni nadharia chache zilizodumu muda mrefu kama ile iliyougawa umri wa mtu baina ya sayari saba, na kuukabidhi utoto kwa Mwezi. Nadharia hiyo iliandikwa mjini Alexandria, Misri, katika karne ya 2 B.K., na Claudius Ptolemy, ndani ya kitabu chake kiitwacho Tetrabiblos, yaani kitabu chenye sehemu nne. Unajimu haumo tena katika orodha ya sayansi. Hata hivyo, nadharia hii yafaa kuchunguzwa na wanaisimu, kwa kuwa ndani yake limo swali lisilochakaa: ni nini kimfanyacho mtoto kuwa mtu?

Ptolemy alizipanga sayari kwa umbali wake kutoka duniani kama ulivyofahamika zama zake, Jua na Mwezi zikihesabiwa miongoni mwazo. Mwezi, ulio karibu zaidi, ulipewa miaka 4 ya mwanzo. Utaridi ikafuata kwa miaka 10, Zuhura kwa miaka 8, Jua kwa miaka 19, Mirihi kwa miaka 15, na Mshtarii kwa miaka 12, hadi mtu atimize miaka 68. Umri uliosalia ulikuwa wa Zohali, sayari iliyodhaniwa kuwa ya mbali kuliko zote na yenye baridi.

Msingi wa hoja yake ulikuwa mfanano. Iliaminika kwamba Mwezi, kwa kuwa jirani ya dunia, hupokea mvuke wake, na kwa hiyo tabia yake ni unyevu. Mtoto mchanga naye ana mwili laini usio imara; hukua upesi; chakula chake ni cha majimaji; hali yake hubadilika mara kwa mara kama Mwezi uandamavyo, ukapevuka, ukafifia. Roho yake, kwa maoni ya Ptolemy, bado haijakamilika wala haijapata matamshi. Utaridi ndiyo iliyosemwa kuanza kuunda akili na kupanda mbegu za elimu. Kwa hiyo usemi wenye mantiki uliwekwa nje ya himaya ya Mwezi.

Katika karne ya 9 kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiarabu, na mwaka 1138 Plato wa Tivoli alikitafsiri kutoka Kiarabu hadi Kilatini. Elimu ya falaki ya Waarabu ilifika pia pwani ya Afrika Mashariki, nayo imeacha alama katika msamiati wa Kiswahili: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Lakini jua na mwezi yamebaki maneno ya Kibantu. Jambo hili si la kushangaza. Watu waliokwisha kuhesabu nyakati zao kwa mwandamo wa mwezi hawakuhitaji kuazima jina lake. Walichoazima ni istilahi za taaluma.

Nadharia hii haikukosa wapinzani, na wawili kati ya waliosikika zaidi walizaliwa Afrika ya Kaskazini. Augustino, aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, anasimulia katika Maungamo habari za rafiki yake Firminus. Baba yake Firminus na rafiki wa baba huyo walikuwa wapenzi wakubwa wa unajimu. Ikatokea mke wa mmoja na mjakazi wa mwingine wakajifungua kwa wakati mmoja, hata wajumbe waliotumwa kupeleka habari wakakutana katikati ya njia. Hesabu ya nyota za watoto hao haikuweza kutofautiana. Hata hivyo Firminus alikulia katika mali na heshima, na mwana wa mjakazi akabaki mtumwa. Mwezi ulikuwa mmoja. Nyumba ndizo zilizokuwa mbili.

Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliitengea kazi ya kuubatilisha unajimu sura nzima katika Muqaddima yake ya mwaka 1377. Zaidi ya kubomoa, alijenga. Alishikilia kwamba binadamu ni mtoto wa mazoea yake kuliko wa maumbile yake, na kwamba lugha ni malaka, yaani ustadi unaokita mizizi kwa kurudiwa-rudiwa. Mtoto husikia maneno, kisha miundo, akavizoea vyote kwa kusikia na kutumia, mpaka akawa mmoja wa wasemaji.

Hapa ndipo udhaifu wa Ptolemy unapodhihirika kwa mwanaisimu. Miaka aliyoiona kuwa ya roho isiyo na matamshi ndiyo hasa miaka ambamo mtoto huijenga lugha yake ya kwanza. Afikapo umri wa miaka 4, mtoto wa kawaida amekwisha kuimiliki sehemu kubwa ya sarufi ya lugha ya nyumbani kwao, bila mwalimu wala ubao. Utaridi ikija kuchukua zamu yake, inakuta kazi imekwisha kuanza zamani.

Hata hivyo, jicho la Ptolemy halikuwa pofu. Ulaini alioutaja ni ule ule unaotajwa na wahenga wa Kiswahili wasemao: samaki mkunje angali mbichi. Ubichi ni mmoja, lakini hitimisho ni mbili. Ptolemy aliuona unyevu akainua macho kutafuta chanzo chake mbinguni. Methali inauona unyevu huo huo na kumgeukia mwenye mkono wa kukunja. Na methali nyingine huongeza: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Katika hesabu ya kwanza, anayewajibika kwa mtoto ni sayari isiyoweza kuulizwa. Katika ya pili ni mzazi, mlezi na jamii, na hao wote wanaweza kuulizwa.