Kinubi Kilichofukuliwa Uru

Wakristo wengi husikia neno kinubi likisomwa kanisani, wala hawajapata kukiona kwa macho. Kwa hiyo twaona yafaa, katika kitabu hiki cha ukumbusho, kuwaeleza ndugu zetu na walimu habari za kinubi kimoja cha kale, kilichooza na kupondeka, kisha kikarudishwa katika umbo lake.

Mji wa Uru ulikuwa upande wa kusini wa nchi ya Iraki. Wengi hudhani ndio Uru wa Wakaldayo alikotoka Ibrahimu. Tangu mwaka 1922 hata 1934 Mwingereza Leonard Woolley alichimba huko, kwa ajili ya nyumba mbili za makumbusho, moja ya London na moja ya Philadelphia. Katika msimu wa 1927 hata 1928 akalifikia kaburi la malkia Puabi, aliyezikwa yapata miaka 4,500 iliyopita.

Mti wa kinubi ulikuwa umekwisha kuoza, wala nyuzi hazikuwako. Palibaki tundu tupu katika udongo, lenye umbo la mti ule, pamoja na mapambo yake. Mtu wa haraka angaliyatawanya yote kwa jembe. Woolley alitambua ni kitu gani, akamimina plasta ndani ya tundu. Ikaganda, ikayashika mapambo mahali pake. Palikuwa na kichwa cha fahali cha dhahabu, nacho kimepondeka, chenye ndevu, nywele na macho ya jiwe la buluu. Kikatengenezwa, lakini pembe zionekanazo leo ni mpya.

Walakini yatupasa kuitaja kweli yote. Katika kaburi lile palikuwa na kinubi cha pili, cha namna nyingine. Watengenezaji walidhani vipande vyote ni vya chombo kimoja, wakaviunga. Basi kikawekwa mbele ya watu chombo ambacho hapana mtu aliyepata kukipiga. Kosa hilo lilidumu miaka mingi. Hata mwaka 1971 na 1972 vyombo hivyo vikatengenezwa upya mbalimbali, kwa kufuata picha zilizopigwa siku za kuchimba. Picha hizo ndizo zilizokuwa shahidi.

Kinubi kingine cha Uru kiliwekwa katika makumbusho ya Baghdad. Mwezi wa Aprili 2003, wakati wa vita, wanyang'anyi waliingia humo, na kinubi kile kikavunjwa. Kichwa chake halisi cha dhahabu kilikuwa kimewekwa katika ghala ya benki, kikasalimika.

Wala vyombo vya namna hii si vigeni kwetu. Wajaluo wana nyatiti, Wakisii wana obokano, Wabukusu wana litungu: sanduku lililowambwa ngozi, mikono miwili, na mti wa kukingama unaoshika nyuzi. Lakini tulipokuwa vijana shuleni tuliviona haya vyombo vya babu zetu, vikaachwa darini kuliwa na mchwa. Mmoja wetu alirithi zeze ya babu yake. Akitaka kuipendeza, aliipaka rangi, akaondoa nyuzi kuukuu na kutia waya. Ikang'aa sana, lakini sauti ile ya kwanza haikurudi, wala hapana aliyekumbuka nyuzi zile zilikuwa za kitu gani.

Basi, walimu wapenzi, mkikuta chombo cha kale kilichovunjika, msikimbilie nyundo na misumari. Kwanza kipimeni, kichoreni, andikeni kila sehemu jinsi mlivyoikuta, na waulizeni wazee majina yake maadamu wangali hai. Mkitia kipande kipya, andikeni kwamba ni kipya, ili watakaokuja wasidanganyike. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Na vitu hivi ni mali, ingawa havina dhahabu.